Bomba ni la nani? Biashara ya bia ya Ulaya ikitazamwa kutoka Kisumu

Kegi ya lita 50 ikishushwa mlangoni mwa baa pale Kondele, macho ya wengi huenda kwenye bia. Anayeijua biashara hii huangalia vyuma: kichwa cha kufungulia kegi, mtungi wa gesi, mipira ya kupitishia bia, na bomba lenyewe pale juu ya kaunta. Kisha huuliza, hivi vyuma ni vya nani? Huko Ulaya jibu la swali hilo limeua viwanda vingi na kuneemesha vichache, kuliko hamira au maji yalivyowahi kufanya.

Haya yanawahusu wenye baa na wasambazaji, wakulima wa mtama wa Siaya na Busia, na yeyote anayepiga hesabu ya kufungua kiwanda kidogo cha bia Nakuru. Wazungu wametangulia kuumia katika biashara hii, na makovu yao yameandikwa kwenye hukumu na faini ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Kwanza hesabu ndogo ya kuondoa dhana moja. Lager ya kawaida, yenye digrii 12 za Plato (kipimo cha sukari) kabla ya kuchachuka, hula takriban kilo 17 za kimea cha shayiri kwa kila hektolita, yaani lita 100. Tuseme tani ya kimea ni euro 500. Kilo 17 zitakuwa euro 8.50, na kwenye chupa ya nusu lita kimea ni senti nne na robo. Hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, ni gramu 100 hadi 200 kwa hektolita, kwa hiyo chupa moja inapata nusu gramu hadi gramu moja. Hamira huvunwa kwenye tangi na kutumika tena. Fedha nyingine yote inakwenda kwenye chupa, kuosha chupa, gari, ushuru, matangazo na mikopo ya wenye baa. Mtu akijitapa kwamba atawapiku wakubwa kwa kimea bora, mwache aendelee. Kimea bora ni nauli ya kufika uwanjani tu, mechi bado.

Baa iliyofungwa

Uingereza ndiyo shule kubwa ya mambo haya. Hadi mwisho wa miaka ya 1980 viwanda sita, yaani Bass, Allied, Whitbread, Grand Metropolitan, Courage na Scottish & Newcastle, vilimiliki maelfu ya pabu, yaani baa za Kiingereza. Mpangaji wa pabu alifungwa kwa mkataba: aliruhusiwa kununua bia kwa mwenye nyumba, yaani kiwanda, peke yake. Kodi ililipwa kwa mifuko miwili: kodi ya jengo, ambayo iliwekwa chini ili ivutie, na kodi iliyofichwa ndani ya bei ya kila kegi.

Tupige mfano. Kegi hiyohiyo kwenye soko huru ni pauni 130, na mpangaji aliyefungwa anauziwa kwa pauni 190. Akiuza kegi nne kwa wiki, tofauti ni pauni 240 kwa wiki, au pauni 12,480 kwa mwaka. Mtu anayeangalia kodi ya jengo pekee ataona amepata nyumba rahisi. Zaidi ya hapo, akiongeza mauzo, kodi yake ya siri inapanda naye. Jasho ni lake, lakini nusu ya mavuno ina mwenyewe.

Mwaka 1989 serikali ilitoa amri: kiwanda chenye pabu zaidi ya 2,000 kiachilie huru nusu ya zile zinazozidi idadi hiyo. Kwenye karatasi ilikuwa dawa kali. Kilichofuata ni kwamba viwanda viliuza pabu kwa kampuni mpya za kumiliki pabu ambazo hazikupika hata lita moja ya bia. Amri ilimlenga mpishi wa bia, kwa hiyo kampuni hizo hazikuguswa. Zikakua hadi kumiliki maelfu ya pabu, zikaendelea kuwafunga wapangaji vilevile, na zikatumia ukubwa wao kukamua punguzo viwandani bila kumshushia mpangaji. Kamba ilibaki shingoni, aliyeishika ndiye aliyebadilika. Amri ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2016 ikaja kanuni nyingine ya England na Wales, safari hii ikilenga kampuni zenye pabu 500 au zaidi za kufungwa. Inampa mpangaji haki ya kuomba alipe kodi ya soko peke yake, anunue bia anakotaka. Angalia tofauti: kanuni ya pili haikuuliza kama unapika bia, iliuliza kama umemfunga mtu.

Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi kamba husokotwa kwa njia nyingine. Kiwanda kinaweza kumkopesha mwenye baa fedha za kaunta, friji, viti na mwavuli wa nje. Mkopo unalipwa kwa kunywesha: kila hektolita unayonunua inapunguza deni kidogo, na ukishindwa kufikia kiwango cha mwaka, unalipa pengo. Kesi maarufu kuliko zote ni ya mwaka 1991, Delimitis dhidi ya kiwanda cha Henninger, kuhusu baa moja ya Frankfurt iliyotakiwa kununua angalau hektolita 132 za bia kwa mwaka. Gawanya kwa 52 utaona ni lita 254 kwa wiki, kegi tano za lita 50 na kidogo. Kwa baa yenye wateja si nyingi. Kwa baa iliyodorora ni kitanzi.

Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema mkataba mmoja usitazamwe peke yake, litazamwe furushi zima. Kwanza, je, mikataba yote ya aina hiyo nchini imeziba mlango kwa mgeni anayetaka kuingia sokoni? Pili, je, kiwanda hiki kimechangia sana kuuziba? Kiwanda kidogo chenye baa 30 kinaweza kuwafunga watu wake bila shida, wakati kikubwa chenye mkataba uleule neno kwa neno kinavunja sheria. Kanuni za leo za Umoja wa Ulaya zimeweka namba. Mkataba unaomtaka mnunuzi achukue zaidi ya asilimia 80 ya mahitaji yake kwa muuzaji mmoja unavumiliwa kama hauzidi miaka mitano, na kama hakuna upande wenye zaidi ya asilimia 30 ya soko. Jengo likiwa la kiwanda chenyewe, mkataba unaweza kudumu muda wote wa upangaji. Kwa hiyo mwenye fedha hununua jengo. Sheria ikiziba dirisha, wao huuliza bei ya ukuta.

Kwa nini bomba moja la ziada si rahisi

Watu husema, basi mwenye baa aongeze bomba la kiwanda kidogo, tatizo liko wapi? Tatizo ni la mabomba kweli. Mpira wa bia wenye kipenyo cha ndani cha milimita 9.5 hubeba takriban mililita 71 kwa kila mita. Kutoka chumba cha kegi hadi kaunta tuseme ni mita 15, kwa hiyo kuna zaidi ya lita moja ya bia ndani ya mpira muda wote. Uingereza mipira husafishwa kila baada ya siku saba kwa dawa ya alkali, kisha maji, na ile bia iliyolala ndani humwagwa. Bomba linalouza lita 100 kwa wiki hupoteza asilimia moja kwa usafi. Linalouza lita 10 hupoteza asilimia kumi, na bia yake imekaa imesimama mpirani ikipata joto. Mteja akionja uchachu hasemi mpira ni mchafu, anasema bia ya yule mdogo ni mbaya. Bia ya kimila ya Kiingereza isiyochujwa, inayoingiza hewa kadiri inavyotoka, ina hali ngumu zaidi: pipa likishafunguliwa una siku tatu hivi.

Kwa joto la Kisumu mambo haya huja kwa haraka zaidi. Bia yenye gramu tano za gesi kwa lita, ikiwa nyuzi 4 za Selsiasi, hutulia kwa shinikizo la takriban pauni 12 kwa inchi ya mraba. Ikiwa nyuzi 25 inahitaji karibu pauni 35. Kegi iliyoshushwa kutoka kwenye gari la wazi adhuhuri na kufunguliwa palepale kwa shinikizo la chini lazima itoe povu. Wengi hapo hupunguza gesi zaidi, na ndilo kosa, maana gesi iliyomo kwenye bia inatoroka ndani ya mpira na povu linazidi. Dawa ni kuipoza kegi kabla ya kuifungua. Povu likila asilimia kumi ya kegi, umemwaga lita tano, vikombe kumi vya nusu lita, na faida ya kegi imekwenda nayo.

Kreti ni mtaji

Ujerumani ina viwanda vya bia takriban 1,500, na mtu wa nje hudhani hiyo ni pepo ya ushindani. Unywaji umeshuka kutoka zaidi ya lita 140 kwa mtu kwa mwaka mnamo 1980 hadi chini ya 90 sasa, kwa hiyo viwanda vingi vinagombania ng'ombe anayekonda. Bia kubwa za matangazo ya televisheni huuzwa kwa ofa katika maduka makubwa, na kwa miaka mingi kreti ya chupa 20 za nusu lita imekuwa ikishushwa chini ya euro 10. Mdogo hawezi kushuka huko.

Kinachomtesa zaidi ni chupa. Amana ya chupa ya kawaida ya bia ni senti 8 na ya kreti yenyewe ni euro 1.50, jumla euro 3.10 kwa kreti kamili. Kiwango hicho hakijaguswa kwa muda mrefu, wakati chupa mpya imepita senti 8 zamani, hasa baada ya bei ya gesi kupanda mwaka 2022 na tanuri za vioo kuanza kula fedha. Fanya hesabu ya kiwanda kinachouza kreti 1,000 kwa wiki, kreti zikirudi baada ya wiki nane. Kinahitaji kreti 8,000 zikizunguka. Tukiweka chupa mpya senti 20 na kreti tupu euro 4, kila seti ni euro 8, jumla euro 64,000. Amana iliyokusanywa ni euro 24,800. Pengo la euro 39,200 limelala kwenye vibaraza vya watu, na kiwanda kikikua maradufu pengo nalo linakua maradufu. Kiangazi kikiwa kikali chupa hazirudi kwa wakati, mashine ya kujaza inasimama, na bia ipo tangini tayari.

Halafu kuna ubishi wa chupa zenye nembo. Chupa ya umbo la pamoja inaweza kuoshwa na kiwanda chochote na kurudi kazini hadi mara 50. Kiwanda kikitaka kupendeza kikachora jina lake kwenye kioo, chupa hiyo ikienda kwa jirani haina kazi kwake. Lazima itolewe kwenye mstari, ihifadhiwe, ibadilishwe. Mkubwa ana mashine za kuchambua. Mdogo ana vijana wawili na glavu. Hapa kwetu kreti yetu ni ya chupa 25 za nusu lita, na kila stokisti anajua uchungu wa kurudisha kreti yenye chupa 23. Zidisha uchungu huo kwa viwanda 1,500.

Mmoja aliyecheza tofauti ni kiwanda cha Oettinger. Alijenga jina kwa kukataa matangazo na kupeleka bia kwa magari yake moja kwa moja madukani, bei ikashuka kwa sababu hakuna mtu wa kati wa kulishwa. Mbinu hiyo inahitaji mashine zinazofanya kazi bila kupumzika, maana faida kwa chupa ni chembe. Unywaji ukipungua, yeye ndiye wa kwanza kuhisi.

Mpaka, na lebo isiyo na Kifaransa

Mtu wa Busia hahitaji darasa hapa. Bia ikiwa nafuu ng'ambo moja ya mpaka, miguu itaifuata. Jupiler ni bia inayoongoza Ubelgiji, nchi ya AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani, lakini nchini Uholanzi iliuzwa kwa bei ya chini kwa sababu ushindani wa huko ni mkali. Wafanyabiashara wakaanza kuinunua Uholanzi na kuivusha. Kwa Umoja wa Ulaya hilo ni soko moja, halali kabisa. AB InBev ikaziba njia kwa ujanja mdogomdogo. Moja ya mbinu ilikuwa kuondoa maelezo ya lazima ya Kifaransa kwenye makopo ya Uholanzi, ili yasiweze kuuzwa katika sehemu ya Ubelgiji inayozungumza Kifaransa. Pia ilibana kiasi alichouziwa muuzaji wa jumla wa Uholanzi. Ilidumu kuanzia 2009 hadi 2016. Mwaka 2019 Tume ya Ulaya iliitoza faini ya euro milioni 200, baada ya kupunguziwa asilimia 15 kwa kushirikiana, na ikatakiwa kuweka lugha zote mbili kwenye vifungashio kwa miaka mitano. Sijui kama kuna neno la Kifaransa lililowahi kugharimu zaidi.

Kupanga bei chini ya meza nako kumeshika watu. Mwaka 2007 Heineken, Grolsch na Bavaria ya Uholanzi zilitozwa zaidi ya euro milioni 273 kwa pamoja, kabla ya rufaa kuipunguza, kwa mikutano ya siri ya miaka ya 1990 ya kukubaliana bei. InBev, yaani AB InBev kabla ya kubadili jina, ilikuwemo lakini haikulipa kitu kwa kuwa ndiyo iliyopeleka habari. Ujerumani mwaka 2014 mamlaka ya ushindani ilitoza viwanda kadhaa faini za takriban euro milioni 338, na kwa mara nyingine aliyejisalimisha wa kwanza alikuwa yuleyule. Kuna wanaosema huo ni uungwana. Wengine tunaona ni hesabu nzuri.

Jinsi Tokyo ilivyofika Ruaraka kupitia Brussels

InBev ilizaliwa mwaka 2004, ikainunua Anheuser-Busch mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 52, na mwaka 2016 ikaimeza mpinzani wake SABMiller, kampuni yenye asili ya Afrika Kusini. Tume ya Ulaya iliruhusu ndoa hiyo ya mwisho kwa sharti kwamba karibu biashara yote ya SABMiller barani Ulaya iuzwe. Mnunuzi alikuwa Asahi ya Japani: Peroni, Grolsch na Meantime kwa euro bilioni 2.55, kisha bia za Ulaya ya kati na mashariki, zikiwemo Pilsner Urquell na Tyskie, kwa euro bilioni 7.3. Kwa sharti moja la ushindani, kampuni ya Tokyo ikawa miongoni mwa wazito wa Ulaya bila kujenga kiwanda hata kimoja.

Linatuhusu vipi? EABL, yaani East African Breweries yenye kiwanda chake kikuu Ruaraka, Nairobi, imekuwa chini ya Diageo, kampuni ya vileo ya Uingereza, iliyoongeza hisa zake hadi asilimia 65 mwaka 2023. Diageo ilikuwa imeanza kuuza viwanda vyake vya Afrika na kubakiza majina ya bia na vileo: Ethiopia mwaka 2022, kisha Nigeria na Ghana. Desemba 2025 ikatangaza kwamba hisa zake za EABL inaiuzia Asahi kwa dola bilioni 2.3. Kinywaji cha Kisumu kinafuata njia iliyofunguliwa na maafisa wa Tume ya Ulaya kule Brussels waliokuwa wakiwalinda wanywaji wa Italia na Poland.

Wala hatukosi vita vyetu. South African Breweries, iliyokuja kuwa SABMiller, ilifungua kiwanda cha Castle Thika mwaka 1998, wakapigana bei na matangazo na EABL, na mwaka 2002 wakapatana: Thika ikafungwa, EABL ikaacha kiwanda chake cha Moshi, wakabadilishana hisa za asilimia 20 Kenya na Tanzania. Kila mmoja akarudi zizini kwake hadi 2011 walipoachana. Wanywaji hawakuitwa kwenye kikao.

Ushuru ni mshindani wa kimya

Kiwango cha chini kabisa cha ushuru wa bia katika Umoja wa Ulaya ni euro 1.87 kwa hektolita kwa kila digrii ya kilevi. Bia ya asilimia 5 kwa nusu lita inatoka takriban senti 4.7, ambazo kwa shilingi 150 kwa euro ni kama shilingi 7. Ujerumani iko karibu na hapo. Finland iko juu sana, ndiyo maana watu wake huvuka bahari hadi Estonia kujaza magari.

Kenya tangu mwisho wa Desemba 2024 bia hutozwa kwa kilevi kilichomo: shilingi 22.50 kwa sentilita moja ya kilevi halisi. Bia ya asilimia 5, nusu lita, ina sentilita 2.5, kwa hiyo ushuru ni shilingi 56.25 kabla ya VAT. Ikiwa ya asilimia 4.2 ni shilingi 47.25. Hapo awali ilikuwa shilingi 142.44 kwa lita bila kujali ukali, yaani shilingi 71.22 kwa chupa yoyote ya nusu lita. Sasa kupunguza kilevi kwa nusu asilimia kunaokoa zaidi ya shilingi 5.60 kwa chupa, na mpishi wa bia asiyeliona hilo ana tatizo kubwa kuliko ushuru.

Ulaya imewapa wadogo nafuu kwa muda mrefu. Nchi inaweza kumpunguzia mpishi wa chini ya hektolita 200,000 kwa mwaka hadi nusu ya ushuru, mradi awe huru kisheria na kiuchumi na asiwe anapika bia ya mwingine kwa leseni. Sharti la uhuru ni la lazima, la sivyo mkubwa angejigawa vipande. Uingereza ilianza na yake mwaka 2002 ikakosea ngazi: nafuu ya nusu iliishia hektolita 5,000, na aliyevuka hapo akaanza kupoteza. Wengine wakaona heri kubaki hektolita 4,900 kuliko kukua. Agosti 2023 ngazi ililainishwa, na likaja jambo jipya, ushuru pungufu kwa bia ya bomba inayotoka kwenye chombo cha lita 20 au zaidi, ili kuzisaidia pabu dhidi ya makopo ya dukani.

Hapo sisi tulitangulia. Mwaka 2004 Senator Keg ilianza na msamaha wa ushuru ili kumtoa mtu kwenye chang'aa, na ukanda wa ziwa ukaipa jina la Obama, seneta wa wakati huo mwenye asili ya Kogelo. Mwaka 2013 serikali ikakata msamaha hadi nusu. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, mtama wa wakulima ukakosa mnunuzi. Mwaka 2015 msamaha ukarudi hadi asilimia 90, na mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu cha shilingi bilioni 15 kikaanza kazi kwa hesabu hiyohiyo. Masharti ya msamaha ni kwamba angalau asilimia 75 itokane na mtama, wimbi au muhogo wa humu nchini, na bia iwe kwenye chombo cha shinikizo.

Mkulima naye ana mtego wake. Mtama mwekundu una tanini nyingi, ule ukali unaokausha mdomo, ndege huuchukia, shamba linapona. Tanini hizohizo hufunga vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, kwa hiyo kiwanda kinataka mtama mweupe, ambao ndege aina ya kwelea wanaupenda kama harusi. Kama majirani hawakupanda kwa pamoja, shamba la kwanza kukomaa ndilo linaloliwa. Ukifika ghalani, unyevu uwe asilimia 13 kushuka chini. Punje nyekundu zikichanganyika na nyeupe, gunia zima linarudi. Kiwandani nako mtama hauna maganda ya kuchujia kama shayiri, na wanga wake huiva karibu nyuzi 70 hadi 78 badala ya 60 hadi 65, kwa hiyo hupikwa kando kwanza, kisha huongezewa vimeng'enya.

Sasa yule wa Nakuru anayepigia hesabu kiwanda kidogo. Ushuru wa mpishi mdogo aliye huru ni shilingi 10 kwa sentilita ya kilevi badala ya 22.50, kwa hiyo lita ya asilimia 5 inalipa shilingi 50, si 112.50. Bora aanze kama wadogo wengi wa Ulaya waliosalia: auze kwenye kaunta yake mwenyewe. Huko hakuna kreti inayolala kwa watu, hakuna bomba la kuazima, na mpira una mita tatu badala ya 15. Mitambo ya lita 1,000 kwa mpiko na matangi manne ya ujazo huo, bia aina ya ale inayokaa wiki mbili, ni mipiko miwili kwa wiki. Akichagua lager ya wiki nne, matangi yaleyale yanampa mpiko mmoja tu. Hilo ndilo linalowaangusha wengi: wananunua matangi kwa hesabu ya ale kisha wateja wanataka lager.

Na Nakuru kuna maji. Visima vya Bonde la Ufa vina floridi, mara nyingi juu ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo ndiyo kikomo cha maji ya kunywa, na kuchemsha hakuiondoi, kunaikoleza. Kwa bia ya lita 1,000 andaa lita 5,000 za maji, kuosha kukiwemo. Mkaa wa mifupa unaishika floridi lakini hushiba, kwa hiyo pima kila wiki. Mashine ya kuchuja kwa utando inaiondoa, lakini inamwaga sehemu kubwa ya maji yanayoingia na kuondoa chokaa yote, yaani kalisi, na bila chokaa vimeng'enya hulegea na hamira haitulii chini. Rudisha kalisi hadi miligramu 50 hadi 100 kwa lita kwa jasi au kloridi ya kalisi, uipime kabla ya kutia kimea.